829 kwenye ripoti, 779 kwenye kadi: uchambuzi wa ukaguzi wa kikosi kimoja kabla ya kwenda misheni

Usuli

Kisa hiki ni cha kikosi cha askari wa miguu 850 waliokuwa wakijiandaa kupokea zamu kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa. Jina la nchi, la kikosi na la misheni yameondolewa pamoja na tarehe, na baadhi ya vyeo vimebadilishwa. Siku ya ndege ya kwanza tunaiita S. S-24 ni siku 24 kabla yake, S+4 ni siku nne baada yake. Ndege zilikuwa nne: S, S+2, S+4 na S+6.

Magari ya deraya, jenereta, mitambo ya kusafisha maji na risasi za akiba vilikuwa tayari huko, vikisubiri kukabidhiwa na kikosi kinachorudi. Kwa hiyo kilichokuwa kikikaguliwa nyumbani ni mtu, bunduki yake na begi lake. Hii inaonekana kazi nyepesi kuliko kukagua magari, na huenda ndiyo sababu ilipewa siku tatu tu.

Eneo la misheni lina malaria mwaka mzima na lipo kwenye ukanda wa homa ya manjano, hivyo bila kadi ya njano halali, yaani cheti cha chanjo ya homa hiyo, mtu haingii nchini.

Orodha ya majina ilipitishwa S-60: askari 850 wa kusafiri na 85 wa akiba. Wale 85 waliambiwa wakae tayari. Hakuna aliyeandika "tayari" kwao maana yake nini.

Ukaguzi ulipangwa S-24 hadi S-22 kwenye ukumbi wa michezo wa kambi, kwa vituo saba: karani (vitambulisho, ndugu wa karibu, wosia), tiba (vipimo na chanjo), meno, bohari (mavazi na vifaa), silaha, kumbukumbu za mafunzo, na fedha. Kila askari alipewa kadi yenye visanduku saba. Akimaliza kituo anagongewa muhuri mmoja uleule kila mahali: AMEPITA.

Kilichotokea

*Siku tatu za vituo.* Tatizo la kwanza lilikuwa la hesabu, na lilionekana kufikia saa nne asubuhi ya siku ya kwanza. Askari 850 kwa siku tatu ni kama 283 kwa siku. Kwa saa nane za kazi, kila kituo kina dakika moja na sekunde arobaini kwa kila mtu. Karani anaweza kukimbia na mwendo huo akiwa na meza nne. Daktari wa meno alikuwa na kiti kimoja, na kumwangalia mtu kinywani kwa uangalifu kunachukua dakika nne. Hiyo ni 120 kwa siku, 360 kwa siku tatu. Foleni ya meno ilitoka nje ya ukumbi, ikazunguka, ikaanza kuziba mlango wa bohari.

Sajini meja aliyekuwa akisimamia ukumbi alifanya kile ambacho wengi wangefanya. Aliweka meza ya pili ya meno, akamkalisha msaidizi wa zahanati mwenye tochi na kijiti cha ulimi. Msaidizi alikuwa akiuliza "Jino linauma?", anamulika, anagonga muhuri. Askari 490 walipita meza hiyo. Muhuri wao haukutofautiana na wa waliokaa kwenye kiti.

Kwenye tiba, presha ilipimwa kwa askari aliyesimama foleni saa nzima kwenye joto, mara nyingine akiwa amebeba begi. Askari 64 walionekana na presha ya juu. Waliambiwa "rudi kesho asubuhi" na wakagongewa muhuri kwa kuwa vipimo vingine walikuwa wamemaliza. Majina ya waliotakiwa kurudi hayakuandikwa popote.

Meza ya chanjo ilikuwa na vichupa 12 vya chanjo ya homa ya manjano, vya dozi kumi kimoja, jumla dozi 120. Askari ambao hawakuwahi kuchanjwa walikuwa 48. Lakini karani wa meza alikuwa akikataa kadi zote zilizopita miaka kumi. Hiyo ilikuwa kanuni ya zamani: tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti cha homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na hata kadi za kabla ya hapo zinahesabika hivyo. Askari 61 wenye kadi nzuri kabisa wakachanjwa tena. Kichupa kikishachanganywa kinapaswa kutumika ndani ya saa sita, na mabaki ya jioni yalimwagwa. Dozi 109 kwa watu, 11 kwenye ndoo. Friji ikabaki tupu. Agizo jipya lilipelekwa S-20.

*Ripoti.* S-21 kila kituo kilileta idadi yake: karani 838, tiba 832, meno 850, bohari 829, silaha 850, mafunzo 841, fedha 835. Afisa mnadhimu alichukua idadi ndogo kuliko zote na kuandika juu: askari 829 wako tayari, 21 wanakamilishwa. Kwake huo ulikuwa uangalifu, maana hakuchukua wastani wala idadi kubwa.

*Likizo ya kuaga.* S-16 hadi S-11 askari walikwenda makwao. Waliporudi S-10 walipitishwa mlango mmoja, wakapimwa joto na kuulizwa maswali matatu: umetoka wilaya gani, umeharisha, kuna mgonjwa nyumbani? Askari 14 walikuwa wametoka wilaya iliyokuwa na kipindupindu. Walitengwa bweni moja siku tano na kupimwa choo.

*Mechi.* S-9 kombania mbili zilicheza mpira wa kuagana. Mmoja alivunjika mfupa wa bega, mwingine akateguka kifundo cha mguu. Kila kikosi kina hadithi ya mechi hii na kila kikosi huicheza tena.

*Kadi kwa kadi.* S-8 daktari wa kikosi, akitafuta faili la mteguko, alikuta jina la askari yuleyule kwenye daftari la presha la S-23: 168 kwa 104, hakuna kipimo cha pili. Akafungua kurasa nyingine. Akaenda kwa mkuu wa kikosi, na usiku huo kadi zote 850 zikamwagwa juu ya meza ya bwalo na kusomwa moja moja na makarani sita.

Waliokosa muhuri angalau mmoja walikuwa 71. Yaani waliokamilika kwa karatasi tu walikuwa 779. Tofauti na 829 haikuwa uongo wa mtu yeyote. Aliyekosa buti bohari hakuwa yule aliyekosa wosia kwa karani, wala yule aliyekosa saini ya benki. Mapungufu ya vituo vyote yakijumlishwa ni 75, na wanne tu walikuwa na mapungufu mawili. Idadi ndogo ya kituo kimoja haiwezi kukuambia hilo.

Kesho yake waliokuwa na presha ya juu waliitwa wote 64, wakakalishwa dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, mkono usawa wa moyo, wakapimwa mara mbili. Sitini na mmoja walikuwa wazima. Watatu walikuwa na presha ya kweli, isiyodhibitiwa.

Hadi jioni ya S-7 walioondolewa kwenye orodha walikuwa 11: presha watatu, mpira wawili, meno wawili waliojitokeza wenyewe wakiwa wamevimba shavu, watatu waliokutwa na mashauri ya nidhamu ambayo hayajafungwa, na mmoja aliyefiwa na mke akaachiwa watoto wadogo. Nafasi zao zikajazwa kutoka akiba. Kati ya hao 11 wapya, wanne walikuwa na kadi ya njano. Saba hawakuwa nayo, na chanjo mpya ilikuwa imefika mchana wa siku hiyohiyo.

*Bunduki.* S-5, wakati wa kufunga makasha, fundi wa silaha alilinganisha namba za bunduki na karatasi za shabaha. Askari walikuwa wameziro silaha zao S-30, yaani kila mmoja alirekebisha kilengeo cha bunduki yake mpaka risasi ikapiga pale anapolenga. Baadaye, S-20, bohari ilipanga upya bunduki kwa mfuatano wa namba ili orodha ya ndege isomeke vizuri. Askari 118 walikuwa wamepewa bunduki iliyozirowa na mtu mwingine.

*Helmeti.* S-6 sajini mmoja wa platuni aliwaambia askari wake 30 wavae kila kitu na walale chini kifudifudi, walenge ukutani. Tisa hawakuona ukuta. Kola ya nyuma ya fulana ya kuzuia risasi ilikuwa inasukuma helmeti, helmeti inashuka usoni. Mmoja alisema "Sioni, afande," akarudisha helmeti nyuma kwa mkono, akaweka mkono kwenye bunduki, helmeti ikashuka tena. Wote tisa walikuwa na muhuri wa bohari. Bohari ilikuwa imewakagua wakiwa wamesimama.

Maamuzi na sababu zake

*Wasio na kadi ya njano.* Cheti huanza kuwa halali siku kumi baada ya sindano. Aliyechanjwa S-7 anahalalika S+3. Ndege ya kwanza na ya pili haziwezekani kwake. Ndege ya tatu, S+4, inawezekana.

Kulikuwa na pendekezo la kurudisha tarehe nyuma kwenye kadi, siku tatu tu. Daktari alikataa, na sababu zake mbili zote zilikuwa za kikazi. Mwili unahitaji siku hizo kujenga kinga na hauangalii kadi. Tena namba ya toleo la chanjo imeandikwa kwenye kadi, na toleo lile lilipokelewa na ghala S-7, kwa hati. Yeyote anayelinganisha karatasi mbili angeona. Mtu mwingine alipendekeza wakimbizwe mjini kuchanjwa kwenye kituo cha afya ya bandari. Lakini hata wangejulikana wote S-8 usiku na kuchanjwa alfajiri iliyofuata, wasingewahi ndege ya kwanza. Mkuu wa kikosi aliamua wote saba waende ndege ya tatu, na watu wa ndege ya tatu wavutwe mbele.

Uamuzi ulikuwa sahihi ila haukuangalia kazi za watu. Kati ya saba, mmoja alikuwa dereva wa gari la wagonjwa na mwingine fundi wa redio, na wote walihesabiwa kwenye kundi la mbele.

*Meno.* Mkuu wa kikosi aliambiwa kwamba 490 hawakuangaliwa na daktari. Aliamua waje wenye maumivu tu, ili kiti kisirudishe foleni ya ukumbi. Hapa hesabu ilikuwepo na haikufanywa: kutoka S-7 hadi S-3 ni siku tano, kwa watu 120 ni 600. Wote 490 wangeonwa, tena bila haraka.

*Bunduki.* Fundi alipendekeza mambo mawili kwa mpangilio. Kwanza, kila bunduki irudi kwa aliyeiziro, kwa kufuata karatasi za shabaha zilizokuwa na jina na namba. Usiku mmoja ulirudisha 97. Pili, 21 ambao karatasi zao hazikuwa na namba wapelekwe uwanjani S-4. Kila mmoja alipewa risasi 12, yaani makundi matatu ya risasi nne kwa mita 100, jumla risasi 252. Orodha ya ndege ilichapwa upya kwa mfuatano wa majina, namba zikiwa zimechanganyika. Karani wa usafirishaji alilalamika, na malalamiko yake yalikuwa ya haki, ila bunduki haifuati uzuri wa orodha.

*Helmeti.* Zoezi la kulala lilirudiwa kwa kikosi kizima, kombania kwa kombania. Kwa wengi ilitosha kukaza mkanda wa kisogoni na kulegeza wa kidevuni kidogo. Wengine walibadilishiwa ukubwa wa fulana. Wapo ambao mfuko wa bamba la kifua ulikuwa umefungwa chini mno: ukingo wa juu wa bamba unatakiwa ufike kwenye kibonyeo kilicho juu ya mfupa wa kifua, kati ya mitulinga. Bamba likishuka kufikia tumboni, linaacha wazi mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo na kulinda utumbo.

*Dawa ya malaria.* Daktari alichagua doksisaiklini ya kila siku badala ya meflokwini ya kila wiki. Meflokwini inatakiwa ianze wiki mbili au tatu kabla, ili madhara yake kwenye akili na usingizi yaonekane mtu angali nyumbani, na haifai kwa aliyewahi kuugua maradhi ya akili. Daktari hakuamini kwamba askari 850 waliosimama kwenye foleni moja wangejibu ukweli swali hilo. Doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla, na huendelea siku 28 baada ya kutoka eneo la malaria. Agizo la kwanza lilihesabu siku 367. Mfamasia aliongeza zile 28: vidonge 395 kwa kila mtu, 335,750 kwa kikosi. Bila yeye, vidonge 23,800 vingekosekana, na vingekosekana mwishoni kabisa, askari wakiwa wamesharudi kwa wake zao na hakuna anayewaangalia.

Matokeo

Ndege ya kwanza iliondoka S ikiwa na viti viwili tupu. Kikosi kinachorudi kililazimika kubakiza dereva wake wa gari la wagonjwa na fundi mmoja wa redio kwa siku nne. Katika misheni hizi kipimo cha huduma kwa majeruhi ni kumi, moja, mbili: huduma ya kwanza ndani ya dakika kumi, huduma ya juu ya kuokoa uhai ndani ya saa moja, upasuaji ndani ya saa mbili. Gari la wagonjwa lisilo na dereva anayejua barabara linavunja namba ya pili, ile ya saa moja, papo hapo. Kwa bahati hakuna aliyejeruhiwa siku hizo nne.

Wote saba walipita mlangoni S+4 bila swali.

Katika miezi mitatu ya mwanzo askari wawili walisafirishwa kwa helikopta hadi hospitali ya daraja la pili wakiwa na jipu la jino. Wote wawili walikuwa wamepita meza ya tochi. Mmoja alikuwa nje ya kazi siku sita, mwingine siku tisa.

Wale 14 wa wilaya ya kipindupindu hawakuonyesha dalili, na vipimo vyao vya choo vilikuwa safi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kituo cha karani kilikuwa bora kuliko vyote, na hakikusifiwa na mtu. Karani mkuu alinunua vifurushi vya simu, akaamuru kila namba ya ndugu wa karibu ipigwe palepale, askari akiwa amekaa mbele ya meza. Namba 73 hazikupatikana au zilipokelewa na mtu asiyehusika. Moja ilipokelewa na muuza mitumba ambaye hakumjua yeyote kwenye ukoo huo. Namba hizo zilirekebishwa dakika hiyohiyo. Fomu ya zamani ilikuwa na mstari mmoja wa ndugu wa karibu. Karani aliongeza wa pili na wa tatu, na swali la nani aambiwe kwanza, kwa kuwa mwenye wake wawili akiulizwa mstari mmoja ataandika mama yake, na siku ya msiba ugomvi utaanzia hapo. Kilichokifanya kituo hiki kiwe bora ni kwamba kilijaribu jambo lenyewe badala ya kuuliza kama lipo.

Mlango wa kurudi likizo ulifanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Anayetaka kujua kwa nini ukaguzi baada ya likizo si urasimu aangalie Haiti. Mwaka 2010 walinda amani kutoka Nepal walipimwa afya nyumbani, wakapewa siku kumi za kuona familia, kisha wakasafiri mwezi Oktoba kwenda kambi ya karibu na Mirebalais. Hakuna aliyekuwa na dalili za kipindupindu, kwa hiyo hakuna aliyepimwa choo. Uchafu wa kambi uliingia kwenye kijito kinachomwaga maji kwenye mto Artibonite. Nchi ambayo haikuwa na kumbukumbu ya kipindupindu kwa karne nzima ilipoteza watu karibu 10,000. Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi mbele ya Baraza Kuu. Anayebeba vimelea bila kuumwa hujibu "mimi mzima" na anasema kweli, kwa hiyo swali la dalili peke yake halimkamati. Kipimo cha choo, na siku tano ambazo ugonjwa huu huhitaji kujitokeza, ndivyo vinavyomkamata.

Karatasi za shabaha zilizokuwa na namba ya bunduki ziliokoa 97. Kwa bunduki za jamii ya AKM, mzunguko mmoja wa kilengeo cha mbele husogeza risasi sentimita 20 kwa mita 100. Jicho la mtu mwingine na shavu linalokaa mahali pengine kwenye kitako vinatosha kukuhamisha nusu ya hapo. Sentimita kumi kwa mita 100 ni thelathini kwa mita 300, ambayo ni kumkosa mtu mzima anayekimbia pembeni. Aliyejaza safu ya namba S-30, kwenye jua, bila kujua itatumika wapi, alifanya kazi kubwa kuliko aliyepanga makasha.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Muhuri mmoja ulibeba maana tatu: amefika kwenye meza, amepimwa, na hana dosari. Mwenye presha alikuwa na maana ya kwanza na nusu ya pili. Wale 490 wa tochi walikuwa na ya kwanza tu. Kadi iliyotengenezwa baadaye ina visanduku viwili kwa kila kituo, AMEPIMWA na HANA DENI, na mstari wa kuandika deni ni nini na linaisha siku gani. Kwa meno inaandikwa daraja badala ya muhuri. Daraja la tatu, jino linaloelekea kuleta dharura ndani ya miezi 12, halipandi ndege.

Mpangilio wa siku tatu ulifuata urahisi wa ukumbi. Vituo viliwekwa pamoja kwa kuwa ukumbi ni mmoja. Lakini dosari hazitibiki kwa muda sawa. Buti hupatikana kwa siku moja. Wosia ni nusu saa. Miwani ya akiba, ambayo kila mvaa miwani anapaswa kubeba jozi mbili, inachukua wiki mbili kwa fundi. Jino la kung'oa linahitaji wiki moja kidonda kipone. Homa ya manjano ni siku kumi zisizopungua hata ukiwa jenerali. Homa ya ini aina B, kwa ratiba ya kawaida, ni dozi tatu kwa miezi sita, na hata ratiba ya haraka ya siku 0, 7 na 21 inahitaji wiki tatu na dozi ya nne baada ya mwaka. Shauri la nidhamu halijulikani litaisha lini. Kwa hiyo chanjo, meno, macho na nidhamu vilipaswa kufunguliwa S-60, siku orodha ilipopitishwa, na ukumbi wa S-24 ubaki wa vitu vinavyotibika kwa siku mbili.

Mashauri ya nidhamu yanastahili sentensi yake. Nchi inayopeleka askari hutakiwa kuthibitisha kwamba hakuna kati yao aliyehusika au anayetuhumiwa kuhusika na uvunjaji wa haki za binadamu, wala aliyewahi kurudishwa nyumbani na misheni kwa utovu wa nidhamu. Tangu azimio 2272 la Baraza la Usalama la mwaka 2016, tuhuma za unyanyasaji wa kingono zikizidi na zisishughulikiwe zinaweza kurudisha kikosi kizima. Kuwakuta watatu S-7 ni kuchelewa kusikokubalika, na faili zao zilikuwa jengo la pili kutoka ukumbini.

Meza ya chanjo ilishindwa kwa kanuni iliyokufa. Karani hakuwa mzembe. Alikuwa na karatasi ukutani iliyosema miaka kumi, na hakuna aliyeitoa. Angesoma kadi sawasawa, 48 wangechanjwa siku moja kwa vichupa vitano na saba vingebaki kwenye friji, dozi 70, zinazotosha karibu akiba yote hata kama wote 85 wasingekuwa wamechanjwa.

Kulikuwa pia na kosa la faragha lililopita kimya. Askari wawili ambao hawakupaswa kupewa chanjo hii walitolewa kwenye foleni mbele ya wenzao. Ni chanjo ya vimelea hai vilivyodhoofishwa, na hairuhusiwi kwa mwenye mzio mkali wa yai au kinga ya mwili iliyoshuka sana. Kufikia jioni kila bweni lilikuwa na jibu lake kuhusu wawili hao, na jibu lilikuwa moja. Mmoja ana mzio wa yai tu. Mahojiano ya chanjo yafanyike chumbani, na kila askari akae humo muda uleule, mwenye tatizo na asiye nalo.

Na akiba. Wale 85 walikuwa majina. Hawakupita kituo hata kimoja, kwa hoja kwamba siku tatu hazitoshi hata kwa 850. Lakini kikosi cha watu 850 hakijawahi kufika siku ya ndege kikiwa na watu walewale wa siku ya orodha. Daima kuna mguu, msiba na faili. Kwenye utaratibu mpya akiba ndio wanaoanza kupita vituo, siku moja kabla ya wengine. Hilo lina faida ambayo haikukusudiwa: foleni ya watu 85 inaonyesha kiti cha meno kinachukua dakika ngapi, karatasi gani ukutani imepitwa na wakati, na helmeti gani inashuka usoni mtu akilala, kabla ya wale 850 kufika mlangoni.

Mechi ya kuagana imehamishwa hadi S-40.